Mafuta yakimwagika ziwani baada ya dhoruba: mwongozo kwa watu wa mwaloni

Usiku ule upepo ulipotulia, pua ndiyo iliyotuambia kwanza kwamba kuna mafuta majini. Hakujapambazuka. Mtumbwi uliokuwa ukileta mapipa kisiwani ulikuwa umepigwa na mawimbi hadi ukalala ubavu, mapipa mawili yakawa yanaelea karibu na mafunjo, la tatu halionekani. Mama mmoja anayeanika mukene, yaani dagaa wa ziwani, akaja mbio ameshika taa ya chemli inayowaka. "Fundi, hii petroli ni ya nani? Mukene wangu wamebaki kule chini!" Kabla sijamjibu nilimwomba aizime ile taa, tena nilimwomba kwa sauti ambayo mtu hatakiwi kumpazia mama wa umri ule.

Mimi ni fundi wa mashine za mitumbwi visiwani Ssese, Ziwa Victoria upande wa Uganda. Siyo mtaalamu wa mazingira. Lakini kwa miaka mingi mafuta yanayomwagika mwaloni, pale mitumbwi inapotua, yamepitia mikononi mwangu kwa njia moja au nyingine, na nimeona makosa yaleyale yakirudiwa: watu wanakimbilia sabuni, wanawasha moto, wanafukuza petroli ambayo ingejiondokea yenyewe, halafu dizeli ambayo wangeweza kuikamata wanaiacha iingie kwenye mafunjo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwenye mwalo wetu Mganda, Mjaluo na Msukuma hukutana hapo.

Mtu atasema, mafuta kumwagika ni habari za bahari. Kweli, makubwa yametokea huko. Meli ya mafuta Erika ilivunjika vipande viwili kwenye dhoruba karibu na Ufaransa mwezi Desemba 1999. Nyingine, Prestige, ikapasuka ubavu kwenye dhoruba mwaka 2002, ikachafua pwani ya Hispania. Lakini zile zinazonifanya nilifikirie ziwa letu ni Volgoneft-212 na Volgoneft-239, meli kuukuu zilizotengenezwa kwa ajili ya mito, ambazo ziliharibiwa na dhoruba kwenye mlango wa bahari wa Kerch mwezi Desemba 2024. Hazikuwa na umbo la kubeba mawimbi makali. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,000 na wimbi lake si la mzaha. Kisumu kuna gati la mafuta tangu mwaka 2018, na meli za mafuta zimeshaanza kuvuka kuja Bugiri-Bukasa upande wa Entebbe. Ongeza feri, mitumbwi ya mizigo, na kila stoo ya petroli iliyojengwa hatua kumi kutoka majini.

Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kumwagika kudogo: jerikeni tano, mapipa matatu, tanki la feri lililotoboka. Likitokea kubwa la meli, kazi yako ni ile ya hatua ya simu, ya kuwaondoa watu na ya kulinda maji ya kunywa. Mengine waachie wenye vifaa.

Kabla ya dhoruba: funga mapipa

Nianze na hili kwa sababu ndilo linalookoa mafuta mengi zaidi, na ndilo watu wanalolidharau zaidi. Muulize mwenye stoo yeyote kama pipa lililojaa linaweza kuelea. Atacheka. Sasa tupige hesabu. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu kama 740, ya dizeli gramu kama 840. Pipa la lita 200 lililojaa petroli, ukijumlisha na bati lake, lina kilo 170 hivi. La dizeli halifiki 190. Maji ambayo pipa hilo linayasukuma likizama yanazidi kilo 200. Maana yake pipa lililojaa linaelea, na la nusu linaelea kama boya. Maji yakipanda hadi kiunoni ndani ya stoo, mapipa yote yatanyanyuka, yatagongana, vifuniko vitalegea.

Mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipoleta mafuriko Louisiana nchini Marekani, maji yalinyanyua tanki kubwa la kiwanda kimoja cha kusafisha mafuta. Tanki lile halikuwa limejaa. Lilihama kwenye msingi wake na kumwaga takriban lita milioni 4 za mafuta ghafi, yakaingia kwenye nyumba zipatazo 1,800. Kama tanki la ukubwa ule linanyanyuka, pipa lako ni nani? Na sisi mafuriko tunayajua. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi likameza mialo mingi, stoo zikawa ndani ya maji.

Kwa hiyo: zungushia mapipa kamba ya manila au mnyororo, uifunge kwenye nguzo iliyochimbiwa, siyo kwenye ukuta wa mabati. Yasimamishe wima, kifuniko juu, kimekazwa kwa spana, siyo kwa mkono. Jerikeni zitie ndani ya wavu wa zamani na ufunge mdomo wa wavu. Zikielea zitaelea pamoja, utazikuta mahali pamoja. Mashine inayolala majini iinue, funga tundu la hewa la kifuniko cha tanki, chomoa mpira wa mafuta. Tundu hilo dogo la hewa limemwaga petroli nyingi kuliko matobo yote niliyowahi kuziba.

Weka pia sanduku la dharura, mahali ambapo kila mtu anapajua: mche wa sabuni ngumu, vigingi vya mti laini vya unene tofauti, matambara, magunia matupu, nyavu kuukuu, gambuti na glavu jozi kadhaa, kamba, chupa mbili za kioo zenye vifuniko. Karibu na sanduku, rundo la nyasi kavu au majani makavu ya migomba, mahali pasiponyeshewa. Nyasi mbichi haifai kitu. Imeshajaa maji, mafuta yataingia wapi?

Dhoruba ikiwa bado inapiga

Usiingie majini kufuata mafuta. Basi. Dhoruba zetu nyingi hupiga usiku wa manane na alfajiri, kwa sababu usiku upepo wa nchi kavu kutoka kila upande unakwenda kukutana katikati ya ziwa na kupandisha mawingu. Anayetoka saa hizo kuokoa pipa anatoka kwenda kujifia. Hesabu watu, hesabu mitumbwi iliyotoka, zima sigiri zilizo karibu na maji, ngoja.

Jua ni mafuta gani kabla hujagusa chochote

Mambo yote yanayofuata yanategemea hapa. Kaa upande ambao upepo unakupiga mgongoni, yaani upepo utoke kwako kwenda kwenye mafuta, kisha nusa na utazame.

Petroli ina harufu kali ya kupanda kichwani, inatanda haraka sana, na juani hupotea kwa muda wa saa chache. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukaondoka. Unatambaa, unajaza mabonde ya mchanga, unajaza ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya mtumbwi maji yanapojikusanya, kama maji yanavyojaa beseni. Petroli ya mashine zetu za viharusi viwili ina oili ndani yake, na baada ya petroli kuyeyuka hewani, ile oili inabaki juu ya maji ikiwa utando mwembamba.

Dizeli harufu yake ni nzito na ya taratibu, ukiishika inateleza vidoleni na haikauki. Haishiki moto kirahisi kama petroli, lakini inakaa siku nyingi, na ndiyo inayoua majani ya pembezoni na kuharibu ladha ya samaki.

Oili chafu ya injini ni nyeusi, unaijua.

Ya nne wenzetu wa Ziwa Albert waijue mapema, watu wa Kaiso, Tonya na Buhuka. Mafuta ghafi ya kule yana nta nyingi. Ndiyo maana bomba la kutoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, limebuniwa kupashwa moto njia nzima, zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi, ili yasigande. Maji ya ziwa hayafiki joto hilo. Mafuta hayo yakiingia ziwani utarajie mabonge kama mafuta ya kupikia yaliyolala usiku, yanayookoteka kwa chekeche, si utando unaong'aa.

Kanuni yangu ni hii: petroli iache, dizeli iswage, nta iokote. Petroli mbichi hutakiwi kuizungushia uzio wala kuikusanya, kwa sababu ukiikusanya unakusanya mvuke, na mvuke ukikutana na sigara moja mwalo mzima unawaka. Waondoe watu walio upande ule upepo unakoelekea, zima moto wote, zima jenereta, simu zikae mbali, mtu asiwashe mashine, hata taa ya betri isiwashwe wala kuzimwa ndani ya harufu. Subiri. Kusubiri ni kazi ngumu kuliko kuchota, najua, watu watakuona mvivu.

Piga simu mapema

Namba za dharura za polisi Uganda ni 999 na 112. Omba wakuunganishe na polisi wa majini. Mwambie mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na afisa wa uvuvi. Taarifa ifike kwenye mamlaka ya mazingira, NEMA. Kama upepo unaelekea Ggaba au Katosi, ambako maji ya Kampala yanachotwa, Shirika la Taifa la Maji na Majitaka lijulishwe kabla ya wote hao. Mweleze afande mambo matano bila hadithi ndefu: wapi, saa ngapi, mafuta gani, yametoka kwenye nini, upepo unaelekea wapi. Kiasi ukikijua, sema.

Kwenye kiasi watu huongopa bila kukusudia. Utando wa rangi ya fedha ni mwembamba mno. Lita moja tu inaweza kutanda juu ya eneo kubwa kama uwanja wa mpira. Ukiona rangi za upinde wa mvua, mafuta ni mazito kidogo. Ukiona rangi yenyewe ya mafuta, kahawia au nyeusi, hapo ndipo yalipo mengi, na hapo ndipo pa kupeleka watu. Niliwahi kuona vijana wakihangaika asubuhi nzima na utando wa fedha huku dizeli yenyewe, nzito, imejikunja kwenye kona ya gati haina mtu.

Ziba tobo

Kwa dizeli na oili, kama bahari yetu hii ndogo imetulia na hakuna harufu ya petroli, zuia chanzo kwanza. Tobo la tanki la bati lizibe kwa mche wa sabuni ngumu: ulainishe kidogo mkononi, uusugue na kuukandamiza kwenye ufa mpaka ushike. Sabuni haiyeyuki kwenye mafuta, ndiyo maana mafundi wa magari barabarani wanaitumia. Tobo la mviringo lipigie kigingi cha mti kilichoviringishwa tambara. Ukishindwa, geuza pipa ili tobo liwe juu. Inaonekana kitu cha kitoto, ila nimewakuta watu wazima wakikinga beseni chini ya pipa ambalo lilihitaji kuzungushwa nusu duara tu.

Mafuta yaliyobaki yahamishie kwenye chombo kizima. Tafadhali sana, usinyonye mpira kwa mdomo. Najua sote tumefanya. Petroli au dizeli ikipitia njia ya hewa, hata kijiko kimoja, inachoma mapafu. Aliyemeza asitapishwe, kwa sababu ikirudi juu ndipo inapoingia mapafuni. Apelekwe kituo cha afya, asipewe maziwa wala mafuta ya kula. Tumia ile pampu ndogo ya mpira, kile kibofu kilicho kwenye mpira wa mashine yako.

Mtumbwi uliojaa maji usikumbe ngama yake na kuimwaga ziwani. Yale maji ndiyo yenye mafuta. Yakumbe kuingia kwenye mapipa.

Soma upepo kabla ya kutengeneza uzio

Mafuta juu ya maji yanafuata mkondo wote wa maji, na yanachukua sehemu ndogo ya upepo, kama 3 kwa kila 100. Upepo wa kilomita 20 kwa saa utayasukuma kama mita 600 kwa saa. Kwa hiyo kama yamemwagika kilomita tatu kutoka kwenye ghuba yako, unazo saa tano hivi za kujiandaa.

Lakini ziwa lina hila yake. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda majini; mchana hugeuka, upepo wa ziwa unaingia nchi kavu. Ukiamka ukakuta maji safi usishangilie. Mafuta yamekwenda kutembea, na kuanzia saa saba au saa nane mchana yatarudi, tena kwenye ufuko mwingine wa jirani. Pigia simu mwalo wa jirani. Kitu kinachoelea kwenye ziwa hili hakina adabu ya mipaka: Aprili 2020 kisiwa cha mimea kilichong'oka kilisafiri hadi bwawa la Nalubaale pale Jinja kikaziba mitambo, nchi ikakosa umeme. Vipande vya mafunjo na magugu maji vinabeba mafuta chini ya mizizi namna hiyohiyo.

Uzio wa kuelea

Huu ndio mahali pa kutumia akili na mikono, kwa dizeli na oili tu. Chukua wavu kuukuu wenye matundu madogo, au magunia ya sandarusi yaliyotobolewa tobolewa, ushone mfano wa soseji ndefu unene wa paja. Ndani jaza nyasi kavu au majani makavu ya migomba. Magugu maji yaliyokaushwa kabisa yananyonya vizuri pia. Adui akikauka anakuwa rafiki. Kila hatua mbili tia chupa tupu za plastiki zilizofungwa vifuniko ili isizame. Chini ning'iniza ukanda wa turubai wa upana wa mkono, na mawe madogo ya kuuvuta. Bila ukanda huo mafuta yatapita chini. Wananchi wa Mauritius walishona soseji za aina hii kwa majani ya miwa mwaka 2020, meli Wakashio ilipopasukia kwenye matumbawe yao, hawakungoja mtu awaletee.

Sasa pima mkondo. Tupa kijiti majini kando ya gati, hesabu sekunde mpaka kipite mita 10. Kikichukua nusu dakika au zaidi, uzio utashika. Kikipita haraka zaidi ya hapo, mafuta yatachuruzika chini ya uzio hata uwe mzuri namna gani. Hapo usiutege kukingama na mkondo, uulaze mshazari ili mafuta yateleze kando yake mpaka kwenye kona tulivu, na kwenye kona ndiko mkae na vyombo vya kuchotea. Wengi hutega uzio kama mtu anayezuia ng'ombe kifua mbele. Mafuta hayazuiliwi kwa nguvu.

Vitu vya kulindwa kwanza, kwa mpangilio wangu: mahali pa kuchota maji ya kunywa, mdomo wa kijito kinachoingia kwenye mafunjo, vizimba vya samaki. Mchanga mtupu uache mwisho, mchanga unasafishika. Mafunjo hayasafishiki. Ndiko samaki wadogo wanakokua, na kwenye kinamasi kama Mabamba ndiko korongo nyangumi anakovizia kamongo. Mafuta yakishaingia humo, mkiingia na gambuti mnayakandamiza kwenye tope na yatakaa miaka. Mkishindwa kuyazuia mlangoni, kaeni nje, wekeni uzio wa kuyanasa yakitoka.

Kuchota kwenyewe: kata jerikeni ubavuni iwe kata pana, ichovye kwa ulalo uchukue juu tu. Utachota maji mengi kuliko mafuta, haikosi. Mimina kwenye pipa lililotobolewa chini na kuzibwa kwa kigingi. Acha saa moja. Mafuta yanapanda, maji yanashuka. Legeza kigingi, maji yatatoka kwanza, na mara tu uonapo rangi inabadilika, piga kigingi. Maji yale ya chini yamwage ndani ya uzio, siyo nje. Nyasi iliyolowa itoe ndani ya saa chache kabla haijalemewa na kuzama na mafuta yake.

Dizeli mliyookoa si ya kuuza. Naisema kwa sababu nimeletewa mashine tatu zilizokufa kwa dizeli ya bei nafuu yenye maji ndani yake, na wote watatu waliapa hawajui ilikotoka.

Sabuni ya unga iweke mbali

Kila mara atatokea mtu na paketi ya sabuni ya unga, atanyunyiza, mafuta yatapotea machoni, atapigiwa makofi. Hayajaondoka. Yamevunjwa vipande vidogo yakashuka chini, kwenye mayai ya samaki na kwenye bomba la maji. Waingereza walijifunza hilo mwaka 1967 kwa meli Torrey Canyon: walimwaga sabuni kali kwa wingi, na viumbe vya ufukweni vikaumia na sabuni kuliko mafuta. Naam, hapo juu nimesema sabuni uizibie tobo. Mche kwenye tanki, ndiyo. Unga majini, hapana.

Na usichome. Moshi ule unaingia kwenye mukene walioanikwa na kwenye vifua vya watoto. Wala usifukie mchanga wenye mafuta nyuma ya nyumba, kwa kuwa mvua ijayo itaurudisha ziwani. Kwaruza juu juu tu, kina cha vidole viwili, weka kwenye magunia juu ya turubai, funika, subiri maelekezo ya NEMA mahali pa kupeleka.

Maji na samaki

Maji yenye mafuta kuyachemsha hakuyasafishi, na kama ni petroli mvuke wake unaweza kushika moto jikoni. Dawa ya klorini haisaidii, chujio la udongo halisaidii. Tumieni maji ya mvua au ya kisima cha mbali mpaka harufu iishe na wataalamu wapime. Watoto wasioge ziwani. Ngozi inayowasha ioshwe kwa maji safi na sabuni, macho kwa maji safi mengi.

Nyavu zitoe majini kabla mafuta hayajafika, zikishapakazwa kila samaki atakayeguswa nazo atanuka. Samaki wa kizimba usiwalishe. Wakila wanapanda juu kwenye utando. Sangara au sato akinuka dizeli usimpike kwa viungo ukidhani harufu itajificha, na usimuuze, maana mnunuzi mmoja akirudisha samaki mmoja kiwandani, mwalo mzima unafungiwa. Yule mama wa mukene tulimsaidia kuhamisha chekeche zake zote juu kwenye nyasi kabla ya upepo wa mchana. Alipoteza mbili zilizorushiwa mawimbi usiku. Alizimwaga mwenyewe, hakuambiwa na mtu.

Andika kila kitu

Picha kabla hamjagusa, kisha wakati wa kazi, kisha baada. Tarehe, saa, upepo, majina ya walioshuhudia. Sampuli chota kwa chupa ya kioo, plastiki hula mafuta na kuharibu kipimo. Chupa moja ya mafuta yaliyo majini, moja kutoka kwenye chombo kilichomwaga, funga, andika, weka kivulini. Andika nyavu zilizoharibika, siku ambazo hamkuvua, nyasi mlizonunua.

Sababu ya shughuli hii yote ni fidia. Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inakubali kwamba anayechafua ndiye alipe. Lakini mkataba wa kimataifa wa dhima, uliowapa wavuvi wa Ufaransa na Hispania mlango wa kudai fidia baada ya Erika na Prestige, umeandikwa kwa ajili ya vyombo vya baharini. Mvuvi wa ziwani hana mfuko wa fidia kama ule wa baharini wa kubisha hodi. Daftari lako ndilo wakili wako wa kwanza. Sisi usiku ule hatukuandika chochote, na mwenye mapipa alipokuja alituambia yalikuwa mawili tu tangu mwanzo.

Rudi ukaangalie

Siku ya tatu, ya kumi, na kila baada ya upepo mkali kwa mwezi mzima, tembea ufuko wako alfajiri. Bonyeza tope la pembeni ya mafunjo kwa kijiti: ukiona upinde wa mvua unapanda, rudisha soseji yenye nyasi kavu mpya hapo mdomoni. Lile pipa letu la tatu tulilipata wiki ya tatu, upepo ulipogeuka, limenasa kwenye mizizi ya mafunjo, kifuniko kimelegea robo zamu. Ndani lilikuwa limejaa bado. Nililikaza kwa spana hapohapo majini, ndipo tukalivuta.